Mjusi Kafiri wa Ujiji: Mwalimu Aliyesahauliwa Ukutani

Jua lizamapo nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wavuvi wa Ujiji na Kigoma hujiandaa kwa kazi yao. Katika usiku usio na mbalamwezi vyombo vyao hutoka pwani vikiwa na taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi aghalabu ni taa za betri. Mwanga huo huwavuta viumbe vidogo mno waeleao majini, dagaa husogea kuwala, na migebuka huja nyuma yao kuwala dagaa. Mvuvi ajuaye kazi yake hana haja ya kumkimbiza samaki. Huwasha taa, husubiri, kisha huinua wavu.

Saa hiyo hiyo, katika kuta za nyumba zilizo kando ya barabara za Ujiji, uvuvi wa namna hiyo hiyo huendelea bila mtu kuujali. Taa iwashwapo barazani, nondo, mbu, kumbikumbi na wadudu wengine huizunguka. Muda si mrefu, mjusi mwenye rangi ya majivu hujitokeza katika ufa wa ukuta au chini ya bati, akajibanza hatua chache kutoka kwenye mwanga, akatulia tuli. Mdudu akitua karibu, mjusi hunyemelea, husita, kisha huruka na kumdaka. Huyu ndiye mjusi kafiri. Kama mvuvi wa dagaa, naye amejifunza kwamba penye taa pana riziki.

Lakini mvuvi akirejea alfajiri hupokewa kwa furaha, ilhali mjusi kafiri hupokewa kwa ufagio. Hapigwi kwa sababu ameonekana akitenda uovu wowote, bali kwa sababu ya sifa mbaya aliyovishwa tangu zamani. Na mtoto aliyempiga jioni huenda asubuhi shuleni kujifunza habari za wanyama watambaao kutoka katika kitabu chenye picha za mijusi wa nchi za mbali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo mawili, yaani ufagio wa jioni na kitabu cha asubuhi, yana chanzo kimoja, nacho ni mazoea ya kuamini bila kutazama. Na kwamba walimu wa sekondari ndio wawezao kuyaondoa.

SURA NA UMBO LAKE

Wataalamu humweka mjusi kafiri wa nyumbani katika jenasi iitwayo Hemidactylus. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "nusu" na la pili lenye maana ya "kidole", kwa kuwa vibamba vilivyo chini ya vidole vyake vimegawanyika katika safu mbili. Jenasi hii ina spishi zaidi ya 150 katika nchi za joto duniani. Mmoja wao, Hemidactylus turcicus, huishi kandokando ya Bahari ya Mediterania, na alipewa jina la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758. Kwa sababu vitabu vingi viliandikwa Ulaya na Marekani, ndugu huyo wa mbali ameelezwa mno kuliko huyu wa Ujiji, ingawa kwa sura, makao na mwenendo wamefanana sana.

Ajulikanaye zaidi katika nyumba za Afrika Mashariki ni Hemidactylus mabouia. Habari za jina lake zina funzo ndani yake. Alielezwa mwaka 1818 na Mfaransa Moreau de Jonnès kutokana na mijusi wa visiwa vya Karibi, huko Amerika, ilhali asili yake ni Afrika. Yaelekea alivuka Bahari ya Atlantiki akiwa amejificha katika meli, zikiwamo meli zilizobeba watumwa. Kwa hiyo mnyama wa Afrika alipata jina lake la kisayansi ugenini, kabla hajatazamwa kwa makini nyumbani kwake. Na kazi ya kumjua haijakwisha: uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wale waliokuwa wakiitwa kwa jina hilo moja barani Afrika ni kundi la spishi kadhaa, na ni moja tu kati ya hizo iliyosambaa hadi Amerika. Mwanafunzi adhaniaye kwamba mambo yote yamekwisha gunduliwa na ayatafakari hayo.

Mjusi aliyekomaa huwa na urefu wa sentimeta 12 hadi 15 hivi, pamoja na mkia. Kichwa chake ni kipana na mwili wake umebapa kidogo, jambo limwezeshalo kuingia katika nyufa nyembamba. Ngozi yake si laini na yenye kung'aa kama ile ya mjusi wa mchana mwenye mistari, aitwaye na baadhi ya wasemaji mjusi islamu. Bali ina chembechembe ndogo na vinundu vilivyopangika mgongoni. Mchana ngozi hiyo ni ya kijivu au hudhurungi yenye mabaka meusi, lakini usiku chini ya taa hupauka hata ikakaribia kuwa nyeupe.

Macho yake ni makubwa na hayana kope za kufumba. Kila jicho limefunikwa kwa utando mwangavu, na vumbi likiingia mjusi hulipangusa kwa ulimi wake. Mboni, ambayo gizani hupanuka, hujifinya penye mwanga mkali ikawa kama ufa uliosimama wima. Hizo ni alama za mnyama wa usiku, na kila mwanafunzi mwenye subira anaweza kuziona bila ya chombo chochote.

Linalowashangaza watu kuliko yote ni namna atembeavyo juu ya dari, kichwa chini miguu juu, bila kuanguka. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ana gundi vidoleni, au kwamba vidole vyake hufyonza hewa na kung'ang'ania ukutani. Lakini vidole vyake havina tezi za gundi, na miguu ya mijusi wa jamii yake imeonekana ikishika hata mahali palipoondolewa hewa. Siri imo katika vinywele vidogo mno vilivyo juu ya vibamba vya vidole. Katika spishi kubwa ya Asia iitwayo Gekko gecko, imekadiriwa kwamba kila wayo una vinywele vipatavyo 500,000, na kila kinywele hugawanyika nchani katika matawi mamia. Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake nchini Marekani waliweza kupima nguvu ya kinywele kimoja, na mwaka 2002 wakatoa ushahidi kwamba nguvu hiyo yatokana na mvutano uliopo baina ya molekuli zikaribianapo sana. Mvutano huo huitwa nguvu za van der Waals. Kila mvutano peke yake ni hafifu, lakini ukijumlishwa mara mamilioni humshika mnyama mzima. Naye akitaka kuinua mguu huzikunja ncha za vidole kuelekea juu, na mshiko huachia papo hapo.

Nguvu hizo za van der Waals ndizo mwanafunzi wa kemia azikaririzo kwa ajili ya mtihani kama jambo lisiloonekana. Mfano wake hai umo juu ya ubao wa darasa lake.

MAKAO NA MWENENDO WAKE

Asili ya makao ya mjusi kafiri ni magome ya miti, mapango na nyufa za miamba. Binadamu alipojenga nyumba alimjengea pia mjusi huyu miamba mipya. Nyumba za udongo zenye nyufa, mapaa ya makuti na nyasi, na baadaye mapaa ya bati na kuta za matofali, zote zimemfaa. Ujiji ni miongoni mwa miji ya kale ya bara. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta tayari ukiwa kituo cha misafara ya wafanya biashara wa pwani, na hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mji wenye nyumba za kale, miembe mikubwa, michikichi na maghala ni mji wenye maficho tele kwa kiumbe wa namna hii.

Mchana hulala mafichoni. Giza likiingia hutoka kuwinda. Chakula chake ni nondo, mende wadogo, panzi, kumbikumbi, nzi, mbu na buibui. Na yafaa kusema kweli kwamba mijusi wakubwa huweza kuwala hata wadogo wa spishi yao wenyewe. Dume hulinda eneo lake. Mwingine akiingia, mwenye eneo huinua mwili, hutikisa mkia, hutoa mlio mfupi wa mkatomkato, na mgeni asipokwenda zake hufukuzwa. Mahali palipo karibu na taa ndipo pagombewapo zaidi. Mtu akitazama kwa siku kadhaa atatambua kwamba wakubwa hukaa karibu na mwanga, na wadogo husukumwa pembeni.

Jike hutaga mayai mawili kwa wakati mmoja, meupe, ya mviringo na yenye ganda gumu kama la yai la ndege. Huyaficha ufani, nyuma ya makabati au katikati ya vitu visivyohamishwa mara kwa mara, na majike kadhaa huweza kutaga mahali pamoja. Ganda hilo gumu huzuia yai lisikauke upesi, na ni miongoni mwa sababu zilizoyawezesha mayai kusafiri masafa marefu ndani ya mizigo na magogo.

Adui akimkamata mkia, mjusi huuacha. Tendo hilo si ajali. Katika pingili za mkia mna mahali maalumu palipo dhaifu, na misuli ikijikaza pingili hukatika hapo bila kupoteza damu nyingi. Kipande kilichobaki huendelea kurukaruka, na adui akishughulika nacho mwenyewe huwa amekwisha kimbia. Baadaye mkia mwingine huota, lakini badala ya mfupa wa pingili huwa na ufito wa gegedu ndani yake. Hata hivyo kujiokoa huko kuna gharama: mkia ni ghala la mafuta, na mjusi aliyeupoteza amepoteza akiba yake. Mtoto akataye mkia wa mjusi ili aone ukirukaruka amemnyang'anya mnyama chakula alichojiwekea.

SHUTUMA DHIDI YAKE

Sasa na tuhuma zipimwe moja moja, kama ilivyo desturi ya sayansi.

Ya kwanza ni kwamba mjusi kafiri ana sumu. Hapana ushahidi wowote wa jambo hilo. Katika jamii yote ya mijusi wa aina hii hakuna hata spishi moja ijulikanayo kuwa na sumu. Mijusi wanaojulikana kwa sumu ya kuwadhuru binadamu ni wale wa jenasi ya Heloderma, waishio Marekani, Meksiko na sehemu za Amerika ya Kati. Mjusi kafiri akishikwa huweza kuuma, lakini meno yake ni madogo mno na kuuma kwake ni kama kufinywa.

Ya pili ni kwamba akiangukia chakula, chakula hicho huua. Hapa pana chembe ya ukweli iliyovikwa uongo mwingi. Mijusi, kama walivyo kuku na kobe, huweza kubeba bakteria waitwao Salmonella, ambao huenea kwa njia ya kinyesi na huweza kuleta homa na kuharisha. Kwa hiyo chakula kilichoangukiwa na kinyesi cha mjusi hakifai kuliwa. Lakini dawa ya jambo hilo ni kawa, kifuniko cha chungu na mikono iliyonawiwa kwa sabuni. Hizo ndizo dawa za nzi na mende pia, ambao mjusi huwala. Amwuaye mjusi na kuacha sufuria wazi hajajikinga na chochote.

Ya tatu yatokana na jina lake. Ujiji ni mji wenye mizizi ya kale ya Uislamu, na habari zisimuliwazo za mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu zinajulikana na wengi. Mwalimu wa sayansi hana haja ya kujifanya mufti, wala hana ruhusa. Mambo ya dini yana wenyewe, na maulamaa ndio wa kuulizwa jinsi yanavyopaswa kufahamika. Lakini swali la kama mjusi huyu ana sumu au hana ni swali la maumbile, nalo hujibiwa kwa kuchunguza. Mtu anaweza kuiheshimu dini yake kikamilifu bila kumsingizia kiumbe jambo asilokuwa nalo.

Upande wa pili wa mizani nao unahitaji uaminifu. Wako wapendao wanyama ambao, kwa kutaka kumtetea mjusi, husema kwamba akiachwa ataondoa malaria. Hilo nalo si kweli. Mjusi hula mbu, lakini hula na nondo kwa wingi, na hawezi kumlinda aliyelala bila chandarua. Vilevile, katika nchi za kigeni alikohamia, kama vile kisiwa cha Curaçao, mjusi huyu amewafukuza mijusi wenyeji kutoka katika kuta na kuwala watoto wao. Basi si malaika wala si shetani. Ni mnyama mdogo aishiye kwa kula wadudu, asiyemdhuru mwenye nyumba, na ambaye faida yake ni ya kiasi lakini ni ya kweli. Hukumu ya namna hiyo, isiyozidisha wala kupunguza, ndiyo hasa vijana wapaswayo kuzoezwa kuitoa katika mambo yote.

KASORO YA MAFUNZO

Yaweza kuulizwa: kwa nini kupoteza wino kwa ajili ya mjusi, katika nchi yenye sokwe wa Gombe na Mahale, na katika ziwa lenye kina cha meta 1,470 na samaki wengi wasiopatikana mahali pengine popote duniani? Jibu ni kwamba fahari hizo za Kigoma zilijulikana kwa njia ile ile ambayo sasa inadharauliwa. Mwezi Julai 1960 Jane Goodall alipofika Gombe, kilometa chache kaskazini ya mji wa Kigoma, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na darubini ya kuonea mbali, daftari na subira. Mwaka huo huo alimwona sokwe akichomeka jani la nyasi katika kichuguu na kuvua mchwa, na kwa hilo wataalamu wakalazimika kufikiri upya juu ya dai kwamba binadamu peke yake ndiye atumiaye zana. Chanzo cha yote hayo kilikuwa mtu kuketi na kutazama.

Mwanafunzi wa Ujiji aliye umbali wa safari ya boti kutoka Gombe hulisoma jambo hilo kama habari ya kigeni. Hafundishwi kuketi na kutazama. Hufundishwa kwa Kiingereza kwamba mijusi fulani huacha mikia yao, akaliandika hilo katika mtihani, akapata alama, na asitambue kwamba habari hizo ni za mjusi kafiri aliye nyumbani kwao. Elimu imepita katika kichwa chake kama mzigo upitao bandarini: umeingia, umehesabiwa, umetoka, na mji haukubakiwa na kitu. Kosa si la mwanafunzi, wala si la lugha ya Kiingereza peke yake. Ni kwamba hakuna aliyemwonyesha kwamba neno la kitabuni na mnyama wa ukutani ni kitu kimoja.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa elimu imfanyayo kijana kudhani kwamba maarifa yenye thamani hutoka vitabuni tu au kwa watu waliosoma sana. Ukosoaji huo haujapitwa na wakati. Ukweli ni kwamba maarifa mengi juu ya mijusi wa nchi hii yalikusanywa na wageni wachache. Arthur Loveridge alikusanya mijusi, nyoka na vyura wengi wa Tanganyika, na alipokuwa katika chuo kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 1957 orodha ya wanyama hao wa Afrika Mashariki. Kitabu cha kuwatambua watambaazi wa Afrika Mashariki kilichotolewa mwaka 2002 kiliandikwa na wataalamu wanne, mmoja wao Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Lakini ni za Kiingereza, bei yake si ya shule ya kawaida, na haziwezi kujibu swali dogo kama hili: mijusi wa nyumba fulani ya Ujiji hutoka saa ngapi mvua za masika zinaponyesha? Jibu la swali hilo halimo katika maktaba yoyote. Limo ukutani.

LIFANYIKE NINI?

Walimu watasema, na kwa haki, kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na mitihani haisubiri. Ni kweli. Lakini kinachopendekezwa hapa si mada mpya. Ni njia ya kufundisha mada zilizomo tayari. Makabiliano ya viumbe na mazingira, minyororo ya chakula, uainishaji wa wanyama, damu baridi na damu moto, kukusanya takwimu na kuchora grafu, yote hayo yanaweza kufundishwa kwa mjusi mmoja, na shule isiyo na maabara kamili haitapungukiwa na kitu.

Wanafunzi na wagawanywe katika vikundi, kila kikundi kichague kuta mbili katika nyumba ya mmoja wao, moja yenye taa na nyingine isiyo na taa. Kwa muda wa siku kumi, kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu usiku, kila nusu saa wahesabu mijusi walioko katika kila ukuta na kuandika katika daftari. Waandike pia hali ya hewa, joto ikiwa kipimajoto kipo, na wadudu walioonekana wakiliwa. Yule aliye karibu zaidi na taa atazamwe kama ni yeye yule kila siku. Mara nyingi mkia uliokatika au baka la mgongoni humtambulisha. Mwishoni watafute wastani, wachore grafu, na wajibu maswali: je, mwanga huwavuta mijusi wenyewe, au huwavuta wadudu, nao mijusi huwafuata wadudu? Ingefanywaje ili majibu hayo mawili yatofautishwe? Mwanafunzi akilifikiri swali hilo kwa bidii amekwisha ingia katika sayansi, hata kama grafu yake imepinda.

Masharti yawe machache na yafuatwe. Mijusi wasikamatwe wala wasikatwe mikia. Mkono usiingizwe ufani, kwa kuwa nyufa huweza kuwa na nge au nyoka. Mwanafunzi asitembee gizani bila taa. Mikono inawiwe baada ya kazi. Na mzazi mwenye nyumba aelezwe mapema, kwa adabu, kusudi la watoto wanaokodolea macho ukuta wake. Yamkini naye atavutwa kutazama, na huo utakuwa mwanzo wa elimu ya watu wazima.

Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili fasaha pamoja na Kiingereza. Kiswahili kimekwisha kuwa na maneno ya kutosha: magamba, pingili, gegedu, mboni, utando, mawindo, makabiliano. Kisipotumiwa katika mambo ya namna hii maneno hayo yatabaki yamelala katika kamusi. Shule za Ujiji, Kigoma, Uvinza na Kasulu zikibadilishana daftari zao, katika miaka michache mkoa huo utakuwa na kumbukumbu za mnyama wa nyumbani ambazo wataalamu wa vyuo vikuu watakwenda kuziomba.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Taifa linalotaka wahandisi, waganga na watafiti halina budi kuwapata kwanza vijana wenye tabia ya kuuliza na kutazama kabla ya kuhukumu. Tabia hiyo haianzi katika maabara zenye mitambo ya thamani kubwa. Huanza mtoto aliyeinua ufagio anapousitisha mkono wake na kuuliza: huyu amefanya nini? Mwalimu aliyemfikisha hapo, hata kama shule yake haina hadubini, amefanya kazi kubwa.